Springi kwanza, shokamzoba baadaye: jibu kwa mwenye pikapu ya viazi

Msomaji mmoja wa Ruai ameniandikia hivi: "Bwana Fundi, nina Hilux ya mwaka 2010, kebini moja, injini ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mara tatu kwa wiki napakia magunia 18 hadi 20 ya viazi kule Njabini na kuyashusha soko la Marikiti, Nairobi, kisha narudi nyumbani gari likiwa tupu. Siku hizi nikipakia, nyuma inakaa chini mpaka nasikia chuma kikigonga, na nikirudi tupu gari linarukaruka kwenye kila tuta. Fundi wa kwanza ameniambia niongeze majani mawili ya springi kila upande. Wa pili anasema niache springi jinsi zilivyo, ninunue shokamzoba ngumu, zitainua nyuma. Na kuna duka kwenye mtaa wa Grogan lina shokamzoba za jina kubwa kwa bei ambayo sikuitarajia. Nifuate lipi?"

Ndugu yangu, usifuate lolote kati ya hayo matatu kwa sasa. Fundi wa kwanza amekaribia ukweli lakini amekata shauri kabla ya kupima. Wa pili amekosea kabisa. Na hilo duka nitalirudia baadaye. Unaulizia magonjwa mawili kana kwamba ni moja. Nyuma kukaa chini ni ugonjwa wa springi, au wa mzigo kupita kiasi. Gari kurukaruka likiwa tupu ni ugonjwa wa shokamzoba. Yote mawili yanaweza kulipata gari moja kwa wakati mmoja, na nadhani ndivyo ilivyo kwako, lakini kila moja lina dawa yake, na dawa ya springi hutangulia kwa sababu shokamzoba huchaguliwa kulingana na springi itakayofanya kazi nayo.

Nianze na huyu fundi wa pili, kwa maana maneno yake nayasikia kila wiki. Ukipata nafasi ingia duka la spea, uombe shokamzoba mpya ya mafuta matupu isiyo na gesi, uisimamishe sakafuni na kuibonyeza kwa kiganja. Itashuka polepole hadi mwisho, na itabaki huko huko chini. Kitu kisichoweza kusimama dhidi ya uzito wa mkono wako hakiwezi kubeba gunia la viazi. Ile yenye gesi utaiona ikipanda tena yenyewe, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu nguvu inayoisukuma juu ni ya kilo chache tu, na hata zile za gesi yenye shinikizo kubwa kwa kawaida hazifikii uzito wa gunia moja la kilo 50. Kazi ya shokamzoba ni kuzuia mwendo: springi inapobonyea na kutaka kurudi juu kwa kasi, pistoni iliyomo ndani ya bomba hulazimika kusukuma mafuta yapite kwenye matundu membamba, na ile nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Uzito wenyewe, gari likiwa limesimama au linatembea, uko juu ya springi.

Basi twende kwenye springi, na kabla ya springi, kwenye mizani. Umesema magunia 18 hadi 20, lakini hukuniambia ni gunia la namna gani, na hilo ndilo swali kubwa katika barua yako yote. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kipimo cha kilo 50 kwa gunia. Magunia 20 ya namna hiyo ni tani moja kamili. Lakini sote tunajua lumbesa bado ipo, ile yenye kilemba cha wavu juu, na lumbesa moja ikiwa na kilo 90, ambayo wala si kubwa kuliko zote, basi 20 kati yake ni tani moja na kilo 800. Pikapu ya aina yako imetengenezwa kubeba karibu tani moja, na katika tani hiyo hesabu pia wewe mwenyewe, mpakiaji uliyeketi naye, ile fremu ya chuma uliyochomelea kwenye bodi, turubai, kamba na gurudumu la akiba la pili kama unalo. Watu wawili na fremu wanaweza kula kilo 200 kabla kiazi cha kwanza hakijapanda.

Kwa hiyo, safari yako ijayo, tafuta mizani ya magari. Eneo la Viwandani zipo kwenye yadi kadhaa, na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu nao huwa nazo. Ukiomba kwa heshima na kulipa ada ndogo watakupimia. Usipime gari zima tu. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Kisha ya nyuma peke yake, andika. Fanya hivyo ukiwa na mzigo, na urudie ukiwa mtupu. Utakuwa na namba nne, na hizo namba nne zina thamani kuliko maneno ya mafundi kumi, nikiwemo mimi. Linganisha uzito wa jumla na ule ulioandikwa kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu chake. Kama umevuka kwa kilo 100, tunaweza kuzungumza juu ya springi. Kama umevuka kwa kilo 700, hakuna springi ya kukuuzia: ekseli, beringi, breki, tairi na chasisi bado ni zile zile, na kuiwekea Hilux springi za kanta, lile lori dogo, hakuigeuzi kuwa kanta. Kodi kanta, au punguza magunia.

Angalia pia jinsi unavyopanga. Mzigo uliolala mbele ya ekseli ya nyuma hugawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilhali ule unaoning'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mkono wa mizani. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwenye gari lako ni mita 3 na kidogo. Ukiweka gunia mbili za kilo 50 mita moja nyuma ya ekseli, juu ya mlango wa bodi ulioachwa wazi kama wengi wafanyavyo, magurudumu ya nyuma yatahisi karibu kilo 133, na yale ya mbele yatapunguziwa karibu kilo 33. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti badala ya barabara, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa, zinapoteza uzito wa kuzishikiza tairi chini. Huenda nusu ya tatizo lako ikaisha kwa kusogeza magunia manne kuelekea kebini, na hiyo haigharimu hata shilingi.

Tuseme umepima, uzito uko ndani ya mipaka, na bado nyuma inakaa. Lala uvunguni uangalie springi zenyewe. Kila upande una majani kadhaa yaliyopangwa, refu likiwa juu, mengine yakifupika kuelekea chini, na mara nyingi jani la chini kabisa ni nene na limenyooka kuliko wenzake. Hilo la chini ni la akiba: halifanyi kazi gari likiwa tupu, hungoja mpaka majani ya juu yabonyee yaliguse, ndipo nalo lianze kubeba. Angalia kama kuna jani lililopasuka, hasa karibu na boliti ya katikati, na uone kama majani ya juu yamenyooka kiasi cha kulalia lile la akiba hata kabla ya kupakia. Springi ya miaka 15 iliyobeba viazi mara tatu kwa wiki haina haja ya kuvunjika ndipo ihesabiwe imekwisha. Chuma huchoka kikalala.

Ukifika hapo una njia tatu, na mbili kati yake sizipendi.

Ya kwanza ni kuzipeleka zikakunjwe upya. Zikikunjwa baridi, hurudi zilivyokuwa baada ya muda mfupi. Zikitiwa motoni hadi ziwe nyekundu na kupigwa nyundo, kisha zikaachwa zipoe ovyo pale chini, zimepoteza ule upikaji wa kiwandani ambao ndio unaofanya chuma kiwe springi. Chuma cha springi hupashwa moto kwa kipimo, kikapozwa ghafla ndani ya mafuta, halafu kikapashwa tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kioo. Wapo mafundi wa jua kali wanaoijua kazi hiyo na wana tanuri la kuifanyia, lakini ni wachache, na utamjua mmoja kwa kumuuliza anapoza kwa kitu gani. Akikuambia maji, au akicheka, chukua springi zako uende.

Ya pili ni ile ya fundi wako: kuongeza majani. Hapa nataka uelewe hesabu, kwa sababu wengi huongeza majani kama wanaoongeza chumvi. Ukiwa na majani manne yanayolingana na ukaongeza la tano, ugumu wa springi unapanda kwa karibu robo. La sita linakupeleka kwenye nusu. Lakini unene wa jani hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Majani manne ya milimita 7 ukiyabadilisha kwa manne ya milimita 8, umeongeza milimita moja tu ambayo jicho haliioni, nao ugumu umepanda kwa karibu nusu. Ndiyo maana ninaogopa majani yanayookotwa kutoka kwa gari lingine: fundi anaangalia urefu na upana, tundu la boliti likikubali anafunga, wala hajaleta kalipa apime unene. Majani mafupi ya chini huongeza kidogo kuliko hesabu hii inavyoonyesha, lakini mwelekeo ni huo huo.

Na ugumu huo hauondoki ukishusha viazi. Niliwahi kujifanyia kosa hili mwenyewe, sikufanyiwa na mtu. Nilikuwa na pikapu ya kubebea vyuma, nikaiongezea majani matatu mazito kila upande, na ikiwa imepakiwa ilikuwa imara kama ukuta. Asubuhi moja napanda kuelekea Kinangop nikiwa mtupu, manyunyu yamelowesha lami, nikaingia kona moja pale Kimende kwa mwendo ambao nimeupita mara nyingi. Kulikuwa na kiraka kidogo cha lami kilichoinuka. Nyuma iliruka, na kwa kuwa springi zilikuwa ngumu mno kwa gari tupu, tairi hazikurudi chini kwa wakati. Nyuma ilihama upande wa pili wa barabara kama mlango unaofunguliwa na upepo. Sikugonga kitu, lori lililokuwa linashuka lilikuwa bado mbali. Nilisimama pembeni mpaka mikono ikatulia, na Jumamosi ile ile niliyatoa majani mawili kati ya yale matatu.

Wewe nusu ya safari zako ni tupu. Kwa hiyo njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayokushauri, ni kununua jozi mpya ya springi kamili zilizotengenezwa kwa gari lako, zenye hatua mbili: majani ya juu laini kiasi kwa gari tupu na mzigo mdogo, na majani ya akiba yanayoingia kazini mzigo unapozidi. Watengenezaji wa springi za kubadilishia huziuza kwa madaraja ya uzito wa kudumu, yaani uzito unaokaa ndani ya gari kila siku. Wako ni ile fremu na vifaa peke yake. Viazi vinapanda na kushuka. Usinunue daraja la kilo 500 za kudumu kwa sababu tu unabeba tani moja siku tatu kwa wiki. Muuzaji atakusukuma upande huo kwa kuwa zina bei kubwa zaidi. Springi ya kiwango cha kiwandani, au iliyozidi hapo kwa daraja moja dogo, ikiwa na jani zuri la akiba, inakutosha. Chuma chake kiwe kile ambacho kwenye soko letu hujulikana kwa namba SUP9 au kilicho sawa nacho, na badilisha pande zote mbili kwa pamoja hata kama uliovunjika ni mmoja, la sivyo gari litakuwa linachechemea.

Kuhusu mipira ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chasisi ili kuinua nyuma, nitasema machache. Ni kifaa kizuri kwa marekebisho madogo. Kwa kubeba mzigo wa kupita kiasi ni hatari, kwa sababu springi ya majani huikabidhi chasisi uzito kwenye ncha zake mbili, mbele na nyuma, lakini mpira huukabidhi mahali pamoja katikati, juu ya ekseli. Ukichanganya hilo na mzigo unaoning'inia nyuma, chasisi hupinda.

Sasa springi zikishachaguliwa ndipo tunapogusa shokamzoba.

Ili ujue kama zako zimekwisha, usitegemee ile desturi ya kuruka juu ya bampa. Pikapu yenye springi za majani ina msuguano mwingi kati ya majani yenyewe, na msuguano huo hulituliza gari hata shokamzoba zikiwa zimekufa. Njia yangu ni ya mkono. Endesha kilomita 10 hivi za barabara ya murram yenye mawimbi kama mabati, simama, na uguse kila shokamzoba haraka, kwa uangalifu usijiunguze. Inayofanya kazi itakuwa na joto, kwa kuwa joto ndiyo kazi yake. Iliyo baridi kuliko wenzake imekufa. Unyevu mwembamba wa mafuta karibu na fimbo si hoja. Mafuta yaliyotiririka mpaka chini na kushika vumbi ni hoja. Ukishaifungua ncha moja, ivute na uisukume: iwe na ukinzani pande zote mbili, mkubwa zaidi wakati wa kuvuta, na pasiwe na sehemu inayopita bure bila ukinzani kabla haijashika.

Aina zilizopo sokoni ni kadhaa, lakini tofauti inayokuhusu ni kati ya bomba pacha na bomba moja. Bomba pacha ina bomba ndani ya bomba. Pistoni iko kwenye la ndani, na mafuta ya ziada hukaa kwenye la nje pamoja na naitrojeni ya shinikizo dogo, ambayo kazi yake ni kuzuia mafuta yasifanye povu. Povu ndilo adui. Kwenye murram ndefu mafuta huchemka na kupigwapigwa, viputo huingia, na pistoni inayopita kwenye viputo ni sawa na kusukuma hewa, ndipo gari huanza kuelea. Bomba moja, kwa upande wake, ina mafuta na gesi ya shinikizo kubwa vikitenganishwa na pistoni ya pili inayoelea, kwa hiyo povu halipati nafasi, na joto hutoka moja kwa moja kupitia ukuta wa bomba hadi kwenye upepo. Kwa uwezo wa kuhimili joto, bomba moja imeshinda. Lakini ukuta wake ndio huo huo pistoni inaoutumia kuteleza, na jiwe moja likiubonyeza, pistoni inakwama na shokamzoba imekwisha, ilhali bomba pacha ikibonyezwa kidogo nje huendelea na kazi.

Safari yako ina lami kutoka Njabini hadi mjini, na murram yako ni ile ya shambani, kilomita chache. Huhitaji bomba moja za bei ya juu. Nunua bomba pacha za gesi zenye kipenyo kikubwa, za mtengenezaji anayeaminika kama KYB au Monroe, zilizoorodheshwa kwa Hilux ya mwaka wako na kwa aina yako ya kuvuta, maana za gari linalovutwa na magurudumu yote manne huwa na urefu tofauti. Kama ungekuwa unapeleka mzigo Marsabit kwa njia za vumbi ningekuandikia maneno mengine.

Jambo la ugumu linataka uangalifu. Springi ngumu zaidi hurudi juu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji shokamzoba yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuishika wakati wa kurudi. Ukiifunga na shokamzoba dhaifu, gari litaendelea kuruka kama unavyolalamika. Lakini kinyume chake nacho ni kibaya: shokamzoba ngumu kupita kiasi juu ya springi laini haiipi springi muda wa kunyooka kati ya wimbi na wimbi la barabara, basi gari hushuka kidogo kidogo mpaka linatembelea zile raba zinazozuia ekseli isigonge chasisi, nawe ukadhani springi zimelegea. Ndiyo maana ushauri wa "weka tu ngumu" haufai.

Pima urefu pia. Kama springi mpya zimeinua nyuma kwa milimita 50, shokamzoba za urefu wa kiwandani zitafika mwisho wa kunyooka kabla ya springi, na kila tairi ikiingia shimoni ekseli nzima itaning'inia kwenye fimbo ya shokamzoba mpaka ikatike. Ikiwa ndefu mno, itafika mwisho wa kubonyea kabla ekseli haijagusa raba yake, na fimbo itapinda. Kwa matumizi yako nakushauri usiinue hata kidogo zaidi ya urefu wa kiwandani. Unataka gari lilirudie umbo lake, hushindani na mtu.

Kuna sababu nyingine ya kutoinua, nayo mafundi wengi huisahau. Chungulia uvunguni karibu na ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi zisizo na ABS, yaani breki zinazojizuia zenyewe zisifunge tairi, utaona fimbo nyembamba iliyounganishwa na ekseli upande mmoja, na upande wa pili imeshika valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Valvu hiyo husoma mzigo: chasisi ikishuka kuikaribia ekseli, inajua gari limebeba, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, chasisi ikiwa juu, inajua gari ni tupu, inazipunguza zisije zikafunga tairi. Ukiweka springi ndefu au ngumu, valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa na tani moja ya viazi nyuma yako, nawe unashuka Kimende kwa breki za mbele peke yake. Baada ya kufunga springi mpya, mwambie fundi airekebishe fimbo hiyo kulingana na kitabu cha gari. Akikuuliza "fimbo gani?", huyo si wa kukufungia.

Kuhusu mbele sina mengi. Gari lako lina springi za koili mbele, na mzigo wa viazi hauzigusi sana. Zikiwa hazijavunjika ziache, ila badilisha shokamzoba za mbele kama zimekufa, kwa jozi, na upeleke gari likapangwe magurudumu baadaye. Hakikisha fundi ana kifaa maalumu cha kuibana koili kabla ya kufungua nati ya juu. Koili iliyobanwa ikichomoka inaua mtu. Wenye pikapu za zamani zenye fimbo za kusokoteka badala ya koili wajue tu kwamba kuikaza ile boliti ya kurekebisha huinua gari lakini hakuongezi ugumu wowote.

Sasa lile duka. Kirinyaga Road, ambayo sisi wa zamani bado twaiita Grogan, ina wauzaji waaminifu niliofanya nao kazi miaka mingi, na ina wengine. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine kwa jina lile lile haina maelezo ya heri. Usitazame boksi, maana boksi ndilo rahisi kuigiza. Toa shokamzoba, soma namba iliyochapwa kwenye bomba lenyewe, uone kama inalingana na ya boksi na ya orodha ya mtengenezaji. Angalia uchomeleaji wa pete za ncha: uwe laini na mfululizo. Fimbo ing'ae bila mikwaruzo, na ipitishe kucha yako juu yake. Kucha isikwame popote. Vuta na usukume zote mbili za jozi, zifanane mkononi. Dai risiti ya kodi yenye namba hiyo. Na usinunue kamwe shokamzoba zilizotumika, hata ukiambiwa zimetoka Japani juzi. Ndani ya bomba hakuna macho. Springi zilizotumika naweza kuzivumilia kama zimepimwa, shokamzoba, hapana.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Shokamzoba za bomba pacha zisimamishwe wima na kupampiwa mara tano au sita kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia zikiwa zimelazwa dukani itoke kwenye bomba la ndani. Yuboliti zinazoishika springi kwenye ekseli zinunuliwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika, na boliti ya katikati iwe mpya pia, maana ikikatika ekseli huhama na gari hutembea upande kama kaa. Bushi za raba kwenye ncha za springi zibadilishwe zote pamoja, na boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Ukizikaza likining'inia, raba husokoteka siku zote na kuchanika mapema. Baada ya kumaliza, rekebisha taa za mbele, kwa kuwa gari limebadilisha mkao.

Kabla hujaondoka gereji, gari likiwa tupu, pima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, uandike. Endesha kilomita 500, urudi yuboliti zikazwe tena kwa spana ya kipimo, na upime upya. Springi mpya hukaa kidogo mwanzoni, hilo ni la kawaida. Baada ya mwezi mmoja pima mara ya tatu. Namba zikiwa bado zinashuka, au upande mmoja ukiwa umeuacha mwingine, chuma hicho hakikupikwa vizuri, nawe uzirudishe dukani pamoja na risiti na hizo namba ulizoandika.